Boke Anunua Waini ya Wakwe

Boke wa Kamunyonge, Musoma, alikuwa amefikisha miaka hamsini na kitu bila kuhitaji waini nyeupe hata siku moja, na afya yake ilikuwa nzuri tu. Alizaa, alimzika mumewe Chacha, alisomesha mtoto, akajenga vyumba vitatu vya tofali za kuchoma, yote hayo kwa uji na chai ya rangi. Waini aliijua kwa jina la divai, ile ya misheni Nyegina, ambayo padri huiinua juu ili waumini wote waione vizuri, kisha akainywa mwenyewe.

Kwa hiyo mwanawe Lameck alipopiga simu kutoka Mwanza, Boke alidhani mtandao umeharibika.

"Mama, Jumamosi mkienda Butiama mbebe waini. Nyeupe."

"Waini? Kwani kuna misa?"

"Mama yake Gloria anakunywaga hiyo tu. Nyekundu inampa kichwa. Bia anasema ni ya watu wa stendi. Soda ina sukari."

"Na maji?"

"Mama!"

"Nauliza tu, baba. Maji ya Butiama yamekosa nini?"

Lameck akaomba tena, kwa sauti ile ya mtoto aliyekwisha kuwa na ndevu lakini bado anataka kubebwa. Boke akakubali, maana jambo lenyewe halikuwa la utani. Posa ya Gloria ilikuwa imepelekwa mara mbili, na mara zote mbili mama wa binti, Mwalimu Miriamu, mwalimu mkuu mstaafu, alijibu "tutaona." Tutaona ni neno zuri la wasomi, linakataa bila kufungua mdomo. Safari hii alikuwa amesema aje mama wa kijana mwenyewe. Na kwa watu wa upande huo, kinywaji anachopeleka mama wa kijana ndicho kinachoongea. Wakikinywa, posa imepokelewa, wazee waje wazungumze habari ya ng'ombe. Wakikiacha mezani, mmeshajibiwa. Shikeni njia, salimieni nyumbani. Mara ya nne hakuna anayekwenda, labda awe hana ukoo.

Sasa, kinywaji ni kitu ambacho Boke hakuwa mgeni nacho. Kabla ya kuuza dagaa soko la Mwigobero alipikaga pombe ya mtama na ulezi, na watu walivuka kata mbili kuifuata. Utaratibu wake ulikuwa ule ule wa mama yake: mtungi ukiletwa mbele ya watu, mwenye pombe anateka kwanza, anakunywa yeye, wote wakimtazama koo linavyoshuka. Ndipo wengine wanakunywa. Pombe ambayo mwenyewe hajaionja ni pombe ya adui. Mwaka mmoja mtu alitoka kilabuni kwake akaenda kufia kitandani, na ndugu zake wakaja na fimbo. Waliokuwepo wakasema, "Boke aliinywa mbele yetu, bakuli zima." Fimbo zikarudi nyumbani. Baadaye ikajulikana marehemu alikuwa na moyo mbovu tangu utoto, lakini hiyo ilijulikana baadaye. Siku ile kilichomwokoa Boke ni lile bakuli.

Basi Alhamisi akavaa kitenge cha kutokea, akaenda supamaketi mjini. Alifuatana na shemeji yake Machage, mdogo wa marehemu, kwa sababu Machage alikuwa mtaalamu. Alikuwaga mlinzi wa hoteli ya watalii Arusha miaka miwili, pale mlangoni, kwa hiyo waini aliijua vizuri sana, hasa ilipokuwa ikipita mikononi mwa wengine.

"Shemeji, ukifika pale usiongee," alimwonya njiani. "Niachie mimi. Waini ina lugha yake."

"Sawa, mura. Mimi nitabeba tu kikapu."

Kikapu chenyewe mlinzi wa supamaketi alikikamata mlangoni, akakiweka chini na kukipa namba, kana kwamba kilikuwa kimefika polisi.

Ndani kulikuwa na baridi ya bure, jambo ambalo Boke alilisifu. Rafu ya waini ilikuwa mwisho kabisa, baada ya sabuni. Chupa zilisimama mstari, kifua mbele, kama wanakwaya wa jimbo siku ya mashindano. Zile za bei kali ziliwekwa juu sana, mahali ambapo bei haisomeki vizuri, na hiyo ni huruma ya mwenye duka kwa wateja wenye presha.

"Nyeupe ziko wapi?" Boke akauliza.

"Hizo mbele yako."

Boke akainua moja kwenye mwanga. "Machage, hii ni njano."

"Ndiyo inaitwaga nyeupe."

"Mimi nina macho. Hii ni rangi ya mkojo wa ndama."

"Shemeji, punguza sauti. Ni kama wazungu. Wanaitwa weupe, umewahi kuona mweupe? Wote wekundu."

Akaja kijana wa duka, amevaa fulana yenye jina kifuani: Dennis. Alikuwa na adabu nyingi, za semina. "Karibuni. Mnatafuta waini ya namna gani?"

Machage akajikohoza, akatoa neno alilolisikia hotelini. "Tunataka yenye mwili."

Dennis akamtazama. Boke naye akamtazama.

"Mwili," Machage akarudia, safari hii kwa sauti ndogo.

"Tunataka ya kupeleka kwa wakwe," Boke akasema, "isiyotufilisi na isiyotuaibisha. Kama hizo mbili zinakaa chupa moja."

Dennis akashusha chupa ya juu, akaanza kutafsiri maandishi ya ubavuni. "Hii imeandikwa ina harufu ya limao, ya pichi, na ya nyasi iliyokatwa asubuhi."

"Nyasi?"

"Ndiyo, mama."

"Na bei ndiyo hii?"

"Ndiyo, mama."

"Kumbe ng'ombe wangu alikuwaga tajiri na mimi nampiga fimbo. Rudisha. Nyingine?"

"Hii wanasema inafaa kunywewa na samaki."

Boke akasogea. Samaki aliwajua tangu anatembea kwa magoti. "Samaki gani? Sato? Ningu? Furu?"

Dennis akageuza chupa. "Hapa wanasema… samaki wa baharini."

"Basi hiyo si ya kwetu. Mpe pole, mwambie amepotea njia."

Machage naye hakukaa bure. Alikuwa akizipindua chupa na kuzitia kidole gumba matakoni, maana hotelini alisikia kwamba waini nzuri chupa yake ina shimo chini, na kadiri gumba linavyozama ndivyo heshima inavyopanda. Chupa moja ilimeza gumba hadi kwenye kifundo. Akaiinua kama aliyevua sangara. Boke akasoma bei, akairudisha mwenyewe, taratibu, kwa mikono miwili. Kwa bei ile angepata mbuzi jike, na mbuzi jike huzaa.

"Haya, mura," akamwambia Dennis. "Hizi za katikati. Fungua moja tuonje."

"Hairuhusiwi kufungua, mama."

"Sasa nitajuaje?"

"Unanunua kwanza, unaonja nyumbani."

"Wewe umeshazionja?"

"Hapana, mama. Mimi ni Msabato."

"Meneja wako?"

"Meneja ameokoka."

Boke akaweka mikono kiunoni. "Kwa hiyo duka zima hili, na baridi yote hii, hakuna mtu hata mmoja aliyeonja anachokiuza?"

Dennis akafikiri kwa uaminifu. "Labda mlinzi."

Mlinzi, aliyekuwa akisikiliza kutoka mlangoni, alikana haraka kuliko Petro, na jogoo hakuhitajika.

Hapo Boke akawaacha wataalamu wote wawili, akarudi kwenye ujuzi wa Mwigobero. Kwenye dagaa husikilizi maneno ya muuzaji wala hutazami sura ya fungu, maana sura ya fungu hupambwa. Unatazama wenyeji wanachukua wapi. Fungu lenye vumbi ni lile ambalo wenyeji wamekwisha kulikataa. Akapitisha kidole mabegani mwa chupa moja moja. Ile ya nyasi ilikuwa na vumbi la kupandia mihogo. Ile ya samaki wa baharini pia. Lakini katikati palikuwa na pengo, chupa zimebaki tatu tu, safi, za Dodoma, bei yake ya kuuma bila kutoa damu.

"Hii wanaichukuaga akina nani?"

"Manesi, walimu, na akina mama wa vikoba wakiwa na sherehe."

"Wanarudi?"

"Wanarudi sana."

"Kununua au kugomba?"

"Kununua, mama."

"Basi. Nipe hii."

Machage akatia gumba chini ya chupa ya Dodoma. Palikuwa bapa kama sahani. Alihuzunika kwa dhati. Kilichomfariji ni kwamba ilikuwa na kizibo cha gome, cha kung'oa, siyo kile cha kuzungusha kama cha maji ya kunywa. "Angalau hapo umeokoka, shemeji," akasema, naye alikuwa hajachangia hata senti.

Usiku wa Ijumaa Boke akaiweka chupa mezani, akakaa mbele yake, akaitazama. Ilikuwa imezibwa hadi juu, imefunikwa na karatasi ya dhahabu. Kila alivyoitazama ndivyo alivyozidi kuiona mbaya. Ampelekee mama wa watu kitu kilichofungwa namna ile, ambacho hakuna binadamu aliyeonekana akikinywa, siku ya kwanza ya kuonana? Ni tusi. Hata mchawi ana adabu zaidi.

Kifaa cha kung'oa kizibo hawakuwa nacho. Machage alieleza kwa kirefu kinavyofanana, akachora na hewani. Boke akachukua mwiko, akageuza mpini, akasukuma. Kizibo kikazama ndani kwa kishindo kidogo, kikaibuka juu ya waini, kikaelea kama kiboko anayepumzika.

Akamimina kidogo kwenye kikombe cha chai, akanywa. Akafumba jicho moja. Akangoja aone kama ataanguka. Hakuanguka.

"Ikoje?" Machage akauliza.

"Chachu. Lakini ni uchachu wa heshima."

"Lete nithibitishe."

Machage akathibitisha. Akasema safari ya kwanza ulimi ulikuwa haujakaa sawa, akathibitisha tena. Ya tatu ilikuwa kwa niaba ya marehemu kaka yake. Boke aliponyang'anya chupa, waini ilikuwa imeshuka kutoka shingoni hadi mabegani. Akachonga gunzi la muhindi, kavu, safi, akaziba kama alivyozibaga vibuyu, akalala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu.

Jumamosi saa nne wakawa Butiama, sebuleni kwa Mwalimu Miriamu. Sebule ile ilikuwa imetulia kama ofisi ya mitihani. Makochi yamevaa vitambaa vyeupe vya kufuma, na kabati la vioo lina glasi ambazo hazijawahi kutoka nje tangu zinunuliwe. Mwalimu mwenyewe alikuwa mwanamke mrefu, miwani imening'inia kifuani, na tabasamu lake lilikuwa la kukuvumilia hadi kengele ilie. Gloria aliwasalimia kwa kupiga magoti, akakaa kiti cha kona, akavunja vidole kimoja kimoja.

Habari zikaulizwa, za mvua, za ng'ombe, za ziwa. Kisha Boke akatoa furushi la khanga mapajani, akalifungua.

"Mwalimu, sikuja mikono mitupu. Tuliambiwa hiki ndicho unachokipenda."

Akaiweka chupa mezani. Ikasimama pale, na gunzi lake kichwani, na kizibo chake tumboni, na mabega yake matupu.

Gloria alifumba macho.

Mwalimu Miriamu akavaa miwani. "Mama Lameck," akasema kwa upole wote wa kazi yake, "dukani kwenu Musoma wanauza chupa zilizofunguliwa?"

"Ilikuwa imefungwa."

"Ikajifungua."

"Nimeifungua mimi."

"Naona." Akaigusa kwa kidole kimoja, akaizungusha kidogo upande wa kile kiboko cha kizibo. "Nashukuru sana. Gloria, mwanangu, kaiweke kwenye friji. Tutakunywa siku nyingine. Uwaletee wageni juisi."

Siku nyingine! Boke aliijua siku nyingine. Ni mtoto wa mama mmoja na tutaona. Gloria alisimama, akaishika chupa. Hata yeye alijua kwamba chupa ikifika friji, ndoa imeingia barafuni nayo.

Hapo Machage akapata wakati wake. Miaka miwili ya mlangoni haikupotea bure. Akajiweka sawa kwenye kochi. "Mwalimu, usishangae. Waini ya kiwango hiki haifunguliwi siku ile ile. Inafunguliwa mapema ipumue."

"Ipumue?"

"Ipumue. Kule Arusha ni kawaida sana."

Uso wa mwalimu ukalegea kidogo. "Aa. Ipumue. Ndiyo, ndiyo, nimewahi kusoma mahali." Akamwashiria Gloria angoje. Machage akamtazama shemeji yake, macho yanang'aa. Kazi imekwisha; kilichobaki ni Boke kunyamaza tu, na kunyamaza hakulipiwi kodi.

Boke akajaribu. Mungu anajua alijaribu. Alimtazama Gloria, akamfikiria Lameck kule Mwanza, simu mkononi kama mgonjwa anayengoja majibu. Lakini maishani mwake hakuwahi kumnywesha mtu kitu juu ya uongo, na kwa mkwe si mahali pa kuanzia.

"Mwalimu," akasema, "haikupumua chochote. Mimi niliifungua jana usiku kwa mpini wa mwiko, nikainywa, nione kama inaua."

Machage akatoa sauti ya tairi lililotoboka.

"Kama… inaua," akasema Mwalimu Miriamu.

"Ndiyo. Ningekuleteaje kitu ambacho sijakinywa mimi? Wewe hunijui. Mimi sikujui. Umeturudisha mara mbili. Ningeleta chupa imezibwa hivyo, na karatasi ya dhahabu juu, ukainywa, ukaumwa hata tumbo la kawaida tu, ungesema nini? Mimi nilipikaga pombe, mwalimu. Nimeona fimbo za watu. Pale dukani hakuna aliyeionja, yule Msabato, yule ameokoka. Basi nikaionja mimi. Na huyu naye," akamwonyesha Machage kwa kidevu, "yeye alionja kwa sababu zake mwenyewe."

Akainuka, akachukua chupa mkononi mwa Gloria. Akang'oa gunzi. Akaenda kwenye kabati la vioo bila kuomba ruhusa, akatoa glasi mbili, akazifuta vumbi kwa pindo la khanga, jambo ambalo lilimwuma mwalimu kuliko yote yaliyotangulia. Akamimina. Akainywa ya kwanza yote, amesimama, shingo wazi, koo likishuka na kupanda mbele ya kila mtu. Akaweka glasi mezani, mdomo chini, na halikudondoka hata tone.

Kisha akaisogeza ya pili.

"Sasa usiponywa, nitajua umekataa mtoto wangu. Usiseme ni chupa."

Mwalimu Miriamu alikuwa amefundisha miaka thelathini, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsimamia sebuleni kwake na kumwambia achague jibu sahihi. Alimtazama binti yake. Gloria hakumwangalia, alikuwa anaitazama ile glasi tu, midomo imebanwa, kama mtoto anayeangalia karatasi yake ikisahihishwa. Mwalimu akavua miwani. Akachukua glasi. Akanywa.

Uso wake ulipigana vita vifupi. Pua ilikimbilia upande mmoja, jicho upande mwingine. Lakini alikuwa mtu wa malezi, akameza, akafuta mdomo kwa kitambaa cha kochi bila kujua, akasema kwa ile sauti wanayopewa wazazi wa mtoto aliyefeli, "Ni nzuri."

"Si nzuri," akasema Boke. "Ni chachu. Nilikuambia nimeionja."

Mwalimu Miriamu akaigeuza glasi, akaichungulia. Mabega yakaanza kumtikisika. Kicheko kilianzia mbali, labda kutoka mwaka aliostaafu, kikapanda, kikamtoa machozi. "Mama Lameck! Wewe! Ni mbaya sana! Ni mbaya mno!"

"Lakini haiui."

"Haiui, kweli haiui!"

"Sasa hii unayoipenda, mama Gloria, unaipendea nini?"

Mwalimu akajifuta macho. Akasema waligawiwa siku ya kumuaga kazini, glasi moja moja, na afisa elimu akamwuliza kama ameipenda, naye akaogopa kusema hapana. Tangu siku hiyo kila mtu alimtengea nyeupe. "Na mimi nikawa mtu wa nyeupe. Ukishaitwa hivyo unafanyaje?"

"Mama," Gloria akasema, "na kile kichwa cha nyekundu?"

"Zote zinanipa kichwa, mwanangu."

Machage aliona hapo ni mahali pazuri pa kueleza kuhusu mwili wa waini. Hakuna aliyemsikiliza, naye akajisikiliza mwenyewe, kwa heshima.

Mwalimu Miriamu akachukua chupa, akaigeuza ile glasi ya Boke, akaijaza. Kisha, kabla ya kumpa, akanywa yeye kidogo kutoka humo humo, macho yake kwa Boke, koo wazi, taratibu, kwa namna ambayo hakufundishwa chuo cha ualimu. Akampa kwa mikono miwili.

"Wazee waje baada ya mavuno," akasema. "Na wasibebe chupa. Pombe nitapika mwenyewe."

Boke akaipokea glasi, akaimaliza, na kwa kuwa sasa hapakuwa na haja tena ya kuitetea, akakunja uso wake wote mbele ya wakwe na kutema mate dirishani.